Karoti inamfaa mbwa, paka anataka ini

Ingia katika supamaketi yoyote kubwa mjini Eldoret, utembee hadi pale panapouzwa vyakula vya mbwa na paka. Utakuta mifuko imepangwa kwa madaha, na juu ya mingi kati yake pamechorwa karoti, njegere, kipande cha boga na jani la spinachi. Ukifungua mfuko, huenda ukakuta punje nyekundu, nyingine za kijani na nyingine za manjano, mithili ya peremende za watoto. Maandishi ya pembeni yanakuarifu kwamba rangi hizo zimetoka katika mimea, na kwa hiyo ni za asili na zina manufaa kwa afya.

Hoja yangu wiki hii, mpenzi msomaji, ni kwamba maneno hayo ni kweli nusu. Ile nusu isiyosemwa ndiyo inayoweza kumdhuru mnyama wako na kukukausha mfuko. Rangi ile ile ya mmea huwa lishe kwa kiumbe mmoja na pambo tupu kwa mwingine. Mtoto wako akila karoti, mwili wake huigeuza rangi yake kuwa vitamini A. Mbwa pia anaweza kufanya hivyo. Paka hawezi.

Mimi ni daktari wa binadamu hapa Kesses, wala si daktari wa mifugo. Hata hivyo, katika eneo hili boma lisilo na mbwa wa ulinzi au paka wa kuwinda panya katika ghala la mahindi ni nadra, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi nao hufuga paka katika vyumba vyao vya kupanga. Hivyo basi maswali kuhusu wanyama huniijia pamoja na ya kikohozi na shinikizo la damu. Mnyama mgonjwa namwelekeza kwa wenzangu wa mifugo. Lakini hili la rangi naweza kulijibu, kwa sababu kemia yake ni ile ile tunayofundishwa kuhusu watu, na kwa sababu fedha zinazonunua vyakula hivyo hutoka katika bajeti moja na chakula cha watoto.

RANGI HIZI NI ZIPI?

Mimea ina makundi kadhaa ya rangi. Klorofili ndiyo kijani ya sukuma wiki na managu. Karotini na jamaa zake, ambazo kwa jumla huitwa karotenoidi, ndizo manjano na rangi ya chungwa unazoziona katika karoti, boga, papai na mahindi ya manjano. Anthosianini ndiyo zambarau ya zabibu nyeusi na ya kabichi nyekundu. Betalaini ndiyo wekundu wa bitruti. Kuna pia kurkumini, ile rangi ya bizari ya manjano inayobakia vidoleni baada ya kupika.

Kati ya hizo zote, zinazoweza kugeuzwa kuwa vitamini A ni baadhi ya karotenoidi tu, na iliyo maarufu zaidi ni beta-karotini. Usidanganyike na jicho lako pia. Sukuma wiki, kunde na terere zina karotini nyingi, ila imefichwa na kijani cha klorofili.

Elimu hii haikuanza jana. Mnamo 1919, mtaalamu Harry Steenbock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alieleza kwamba panya waliolishwa mahindi ya manjano walistawi ilhali waliolishwa mahindi meupe walidhoofika. Akashuku kwamba vitamini hiyo ina uhusiano na rangi ya manjano ya mimea. Mnamo 1930, Thomas Moore wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba mwili wa panya hugeuza karotini kuwa vitamini A na kuiweka katika ini.

Somo hilo linatugusa sisi wa Uasin Gishu kuliko wengi. Hapa ndipo ghala la taifa la mahindi, na mahindi yetu ni meupe. Wazee wetu wanakumbuka njaa ya 1984, serikali ilipoagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na jinsi watu walivyoyanung'unikia wakisema hicho ni chakula cha mifugo. Kwa hakika mahindi yale yalikuwa na kitu ambacho meupe hayana. Ugali mweupe hushibisha, lakini hauna karotini ya kutajika. Ndiyo maana sheria ya Kenya tangu 2012 imewataka wenye viwanda kuongeza vitamini A katika unga wa mahindi, unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Unga tunaosaga wenyewe kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauongezewi chochote.

NG'OMBE, MBUZI, MBWA NA PAKA

Ukitaka kuona kwamba kila kiumbe huitendea karotini kwa namna yake, huna haja ya maabara. Tazama maziwa. Siagi ya ng'ombe wa Kesses huwa na umanjano zaidi mvua inaponyesha na nyasi kuwa mbichi, kwa sababu ng'ombe huacha karotini nyingi ipite hadi katika mafuta ya maziwa. Mbuzi anayekula nyasi hizo hizo hutoa maziwa meupe pepe, kwa kuwa yeye huigeuza karotini karibu yote kuwa vitamini A, ambayo haina rangi hiyo. Malisho ni mamoja, matokeo ni mawili.

Mbwa na paka nao wametofautiana vivyo hivyo. Mbwa ana vimeng'enya vya kuikata karotini na kuitoa vitamini. Ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka akila makombo yake, na mwili wake umezoea kufaidi nafaka na mboga pamoja na nyama. Mbwa wa Kesses anayepewa ugali, maziwa kidogo, matumbo, na kipande cha boga au karoti iliyochemshwa, hajaonewa.

Paka ni mla nyama wa kuzaliwa. Uwezo wa kugeuza karotini kuwa vitamini A kwa kiwango kinachomtosha hana kabisa. Lazima aipate vitamini hiyo ikiwa tayari imetengenezwa na kiumbe mwingine, yaani katika ini, katika mayai, au ikiwa imeongezwa kiwandani. Ajabu ya Mungu ni kwamba mnyama huyu, anayesifika kwa kuona gizani, hawezi kupata katika karoti ile vitamini ambayo macho yake yanaihitaji ili kuona usiku.

Paka wa ghala hana shida hiyo. Akimkamata panya humla na ini lake, na humo hupata vitamini A aliyotengeneza panya kutokana na nafaka na majani. Paka anayestahili kuhurumiwa ni yule aliyefungiwa katika nyumba ya ghorofa pale mjini, asiyemwona panya mwaka mzima, ambaye mwenyewe anampenda kwa dhati na kumlisha ugali, mchuzi na karoti akiamini anamjenga. Paka wa namna hiyo akiendelea hivyo kwa muda mrefu anaweza kudhoofika macho, ngozi na uzazi.

Hatari ya pili ni taurini, kiini cha lishe kinachopatikana katika nyama na samaki lakini si katika nafaka wala mboga. Mbwa kwa kawaida huitengeneza mwilini mwake. Paka hutengeneza kidogo mno. Mnamo 1975 watafiti wa Marekani walieleza kwamba paka wanaokosa taurini huharibika retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea nuru. Mnamo 1987 wengine wa California walionyesha kwamba upungufu huo huo hulegeza misuli ya moyo, na kwamba paka walipopewa taurini mioyo yao ilipata nafuu. Ndiyo sababu chakula cha mbwa hakifai kuwa mlo wa kila siku wa paka. Mfuko unaweza kuwa na rangi zote za upinde wa mvua, lakini kama haukutengenezewa paka, huenda hauna taurini ya kumtosha.

RANGI NI YA MACHO YA NANI?

Sasa tujiulize: zile punje nyekundu na kijani ziliwekwa kwa ajili ya nani? Mnamo 1989 wataalamu wa California waliwapima mbwa, wakathibitisha kwamba mbwa huona rangi za aina mbili tu, yaani jamii ya buluu na jamii ya manjano. Nyekundu na kijani kwake hazina tofauti kubwa. Huo mchanganyiko wa punje nyekundu na za kijani hauna maana kwake. Yeye hula kwa kufuata harufu. Paka naye si wa kubembelezwa kwa pipi, kwani mnamo 2005 watafiti wa Philadelphia waligundua kwamba jeni ya kuonja utamu wa sukari imeharibika katika jamii yote ya paka, kuanzia huyu wa nyumbani hadi simbamarara na duma.

Jibu basi ni dhahiri. Rangi iliwekwa kwa ajili yako wewe mwenye mkoba. Nyekundu ikukumbushe nyama, kijani ikukumbushe mboga, manjano ikukumbushe kuku. Ni biashara ile ile ya kiini cha yai. Mnunuzi wa mjini huamini kwamba kiini cha manjano iliyokolea ni cha kuku wa kienyeji, na wenye viwanda vya chakula cha kuku wanalijua hilo. Wanaweza kuongeza rangi ya maua ya marigoldi katika chakula, na kuku asiyewahi kukanyaga nyasi akataga yai lenye kiini kama jua la asubuhi.

Baadhi ya rangi hizi zina asili karibu nasi. Ukishuka pwani hadi Kwale au Lamu utakuta mti uitwao mrangi, wengine huuita mzingefuri, wenye maganda yenye miiba laini na mbegu nyekundu. Kenya, pamoja na Peru na Brazili, imekuwa miongoni mwa nchi zinazouza mbegu hizo kwa wingi ulimwenguni. Rangi yake hutumika katika jibini, siagi na vyakula vingine, vikiwemo vya wanyama. Huenda basi rangi iliyotoka katika shamba la Kwale ikasafiri ng'ambo, ikarudi Eldoret juu ya biskuti ya mbwa. Sina ugomvi na mkulima wa mrangi. Namtakia bei njema. Ila elewa kwamba rangi ya mrangi, ingawa ni ya ukoo wa karotenoidi, haigeuki kuwa vitamini A katika mwili wa mtu, wa mbwa wala wa paka. Ni rangi tu.

Ni haki pia kusema kwamba rangi za mimea zina sababu nzuri ya kupendelewa. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta kibali cha rangi ya kemikali iitwayo Nyekundu Namba 3 katika vyakula na dawa za kumeza, baada ya kuonekana miaka mingi nyuma kwamba kwa kiwango kikubwa ilileta saratani kwa panya dume. Wenye viwanda sasa wanakimbilia bitruti, manjano na mrangi. Ikiwa ni lazima chakula kitiwe rangi, mimi pia ningechagua bitruti. Lakini kuondoa kitu cha kutiliwa shaka hakukifanyi kile kilichochukua nafasi yake kuwa lishe.

JE, HAZINA FAIDA YOYOTE?

Msomaji mwadilifu atauliza swali hilo, nami sitalikwepa. Mnamo 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walitoa matokeo ya kuwalisha mbwa na paka luteini, karotenoidi ya manjano inayopatikana katika majani mabichi na katika marigoldi. Vipimo vya damu na vya ngozi vilionyesha kwamba kinga ya mwili iliitikia kwa nguvu zaidi. Hata paka, asiyeweza kutengeneza vitamini A, aliipokea rangi hiyo katika damu yake.

Kwa hiyo si kweli kwamba rangi za mimea hupita tumboni mwa mnyama bila kufanya lolote. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, kinga kuitikia katika maabara si sawa na mnyama kuishi miaka mingi zaidi au kuugua mara chache. Pili, katika majaribio hayo luteini ilipimwa kwa miligramu na kuongezwa katika chakula ambacho tayari kilikuwa kamili. Picha ya jani la spinachi juu ya mfuko haikuambii ni miligramu ngapi zimo ndani, wala kama zilisalimika katika joto kali la kupikia punje zile.

Rai yangu ni kwamba Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, liwatake wauzaji waeleze wazi, kwa Kiswahili pia, ni kitu gani kimewekwa kama rangi na ni kipi kimewekwa kama lishe, na kwa kiasi gani. Asiye na daktari jirani ana haki ya kujua anacholipia.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, ukinunua chakula cha paka, achana na picha. Tafuta maandishi yanayosema ni mlo kamili wa paka, halafu utafute majina mawili katika orodha: vitamini A na taurini. Beta-karotini peke yake haitoshi.

Pili, kama huna uwezo wa chakula cha dukani, usione haya. Omena waliochemshwa wakiwa wazima, yai lililopikwa, mabaki ya nyama na moyo kutoka kwa bucha, na kipande kidogo cha ini mara moja kwa wiki vitamfaa paka kuliko biskuti za rangi za mbwa. Nimesema kipande kidogo kwa makusudi. Paka anayelishwa ini kila siku hulimbikiza vitamini A hadi mifupa ya shingo yake hushikamana akashindwa kugeuka. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kiasi kinachomfaa paka wako.

Tatu, usimmwagie mbwa wala paka mabaki ya mboga zilizokaangwa kwa vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za wanyama hawa, na paka ndiye hudhurika upesi zaidi. Mboga ya mbwa ichemshwe mbali, bila kitunguu na bila chumvi nyingi.

Nne, kabla ya kulipia rangi, lipia chanjo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa bado unaua watu makumi ya maelfu ulimwenguni kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi walioumwa na mbwa. Kenya ilizindua mnamo 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030. Mimi ndiye ninayemshona mtoto aliyeumwa na kumhesabia siku za sindano. Sijawahi kuuliza mbwa aliyemuuma alikula biskuti za rangi gani. Nauliza kama amechanjwa.

Tano, na hili ndilo la moyoni mwangu kama daktari wa watu, karoti mpe mtoto. Mpe boga, papai, managu, kunde, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vilivyowapa wataalamu wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula ya Ulimwengu mnamo 2016. Vitie mafuta kidogo, kwani karotini huhitaji mafuta ili ipite katika utumbo. Mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano mpeleke kliniki apate matone yake ya vitamini A kila miezi sita. Naye mtoto akila boga na karoti nyingi mno hadi viganja vikawa vya manjano, usishtuke mara moja. Tazama weupe wa macho. Ukiwa safi, huenda ni karotini tu, nayo itaisha. Macho nayo yakiwa ya manjano, hiyo ni dalili ya ini au ya damu, mlete hospitali siku hiyo hiyo.

Binadamu ana bahati. Yeye na mbwa wake wanaweza kula rangi ya shamba na mwili ukaifanya vitamini. Ukiwa na karoti moja nyumbani na vinywa vitatu vinakutazama, sasa unajua igawanywe vipi: kubwa ya mtoto, ncha ya mbwa, na paka mtafutie omena.